Mshika Bendera wa Mombo

Neema na Baraka, wanangu,

Nywila zote nimeshawakabidhi. Diski mbili za nje ziko kwenye ule mkoba wa bluu, na skana nimeifunika kitambaa kwa sababu vumbi la kule stendi halina huruma na mtu. Kwa hiyo kazi imeisha. Nimelala siku tano bila kuota treni, na siku ya sita nikaamka na hamu ya kuwaandikia. Siku ile ya chai ya kuniaga Neema aliniuliza, "Mama Picha, hivi wewe ulianzaje mambo haya?" Nikacheka, nikamwambia ale andazi kabla halijapoa. Sasa najibu.

Habari za vyeo sitaziandika, maana cheo changu kilikuwa kimoja tu, hicho cha Mama Picha, na mlinipa nyinyi wenyewe bila barua wala muhuri. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu, kwa nia njema kabisa, likamwangukia mama mjane wa Vuga. Baraka unalijua nusu. Neema hulijui kabisa. Nyinyi ndio mnaobaki na picha za watu, kwa hiyo mlijue lote.

Nilianza kazi kwenye studio ya Mzee Zakayo, pale Lushoto mjini, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa niliyeshuka kutoka Shume na sweta mbili na barua ya mchungaji. Barua ilisema mimi ni mwaminifu. Mzee Zakayo akaisoma, akaikunja, akaniambia, "Uaminifu sawa. Nyoosha mikono niione." Nikanyoosha. Ilikuwa inatetemeka, mwezi wa saba huo, baridi ya kwetu mnaijua. Akaguna, akanipa koti lake na ndoo ya maji.

Siku hiyohiyo ya kwanza nilifungua mlango wa chumba cha giza ili nimuulize kama anakunywa chai ya tangawizi. Loh! Ndani kulikuwa na filamu ya kipaimara, watoto wa usharika mzima, na mwanga ukaingia wote kwa mpigo. Mzee Zakayo hakupiga kelele. Alivaa kofia yake, akaenda mwenyewe kwa mchungaji kuomba watoto wavae tena nguo zao nyeupe Jumapili inayofuata. Wakavaa. Mpaka leo kuna watu wazima hapa mjini wanaoapa kwamba wao walipata kipaimara mara mbili. Mimi nikikutana nao sokoni naangalia viazi.

Alinifundisha kupima dawa kwa jicho, kuosha filamu bila kuikwaruza, na kuning'iniza picha zikauke mahali ambapo ukungu wa milimani haufiki, jambo ambalo Lushoto ni sawa na kutafuta mahali ambapo hewa haifiki. Zaidi ya yote alinifundisha kutunza filamu yenyewe. Picha iliyochapwa ikiraruka alikuwa hajali. Filamu ukiigusa kwa kidole kilicholowa, hapo ungemwona mzee mwingine. "Picha tutachapa nyingine," alikuwa akisema. "Hii ikiharibika tutamrudisha nani studio?" Hakuwahi kutupa filamu hata moja, hata ya mtu aliyefumba macho.

Udhaifu wake ulikuwa treni. Jumamosi akifunga studio tulishuka Mombo, yeye na kamera zake mbili, mimi na chupa ya chai, wote tumevaa masweta kama wajinga kwenye joto lile la bondeni. Mkewe alikuwa akisema, "Wenzangu waume zao wana nyumba ndogo, wangu ana treni." Tulianza kila mara kwa stesheni masta, shikamoo, habari za kazi, tunaomba ruhusa. Hili lishikeni hata leo: kamera kwenye reli bila ruhusa ni kesi, na kesi haijali kwamba wewe ni mpenzi tu wa treni. Halafu tulikaa kando ya tuta kusubiri. Treni ya wakati ule ilikuja ikitaka. Tulisubiri hata saa nne, na kichwa cha treni kilipotokeza Mzee Zakayo alisimama wima kama kanisani. Alipiga picha tatu, akasema "Haya," tukarudi mlimani. Nilimpenda sana yule mzee. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu yeye sikumwambia.

Akaja akafa. Treni nazo zikaja zikaacha kupita, nyasi zikaota katikati ya mataruma, mbuzi wakapata malisho. Mjane wake aliniachia studio pamoja na masanduku ya filamu. Nikahangaika nayo miaka. Simu zilipoanza kupiga picha, watu walikuja kwa mambo mawili tu, pasipoti na marehemu. Nikanunua kompyuta, nikajifunza kwa kuharibu, nikanunua skana, na jioni nikawa naingiza filamu za Mzee Zakayo moja baada ya moja, bila sababu yoyote ila kwamba nilikuwa nazitamani.

Ndipo akaja Mwalimu Juma wa Korogwe. Mnamjua, mwalimu wa jiografia, miwani imefungwa na waya. Aliingia studio akauliza, "Samahani mama, ni kweli hapa kuna filamu za treni za Mzee Zakayo?" Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Yule bwana alivuta kiti akakaa mpaka chakula cha mchana kikapita. Akanieleza kwamba treni zimeanza kurudi kwenye njia yetu, na kwamba wako watu, kutoka Tanga mpaka Same na kuendelea, wenye kundi lao mtandaoni, wanaopiga picha za treni kwa mapenzi tu. "Watu wazima?" nikamuuliza. "Watu wazima, mama. Yupo na daktari." Walikuwa wanapotezeana picha kwenye simu zao, mtu akibadilisha simu mwaka mzima unapotea. Walitaka mtu mmoja wa kuzipokea, kuzisafisha, kuziandikia maelezo na kuzihifadhi kwenye tovuti. Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Miezi ya kwanza nilidhani nimeajiriwa na wagonjwa. Simu ililia kutwa kucha. "Imepita Korogwe, vichwa viwili." "Mkomazi tayari." "Mabehewa ya mzigo, kichwa kimepakwa rangi mpya, kimbieni!" Muuguzi mmoja wa Same alikuwa akipiga picha kwenye dirisha la wodi. Fundi mmoja wa Tanga aliandika "imepita" kila siku hata treni ikiwa haijaondoka, mpaka tukamwita Imepita, na mkewe naye akaanza kumwita hivyo. Kidogokidogo nikawazoea, kisha nikawapenda. Mtu anayeamka alfajiri akasimama kwenye umande ili aone kitu kikipita, halafu akaja kukuonyesha, huyo si mtu mbaya.

Kazi yenyewe mnaijua, ila niwakumbushe mambo ambayo hayamo kwenye ule mwongozo. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mahali, kisha namba ya kichwa. Mtu akikuletea "treni nzuri sana 2" mrudishie. Ile taarifa ya mahali inayojificha ndani ya picha iondoeni kabla ya kuiweka wazi, kwa sababu wanachama wengine wanapigia nyumbani kwao, na si kila anayetazama tovuti anatafuta treni. Picha inayoonyesha njia iliyolegea au bolti zilizotoka msiiweke kwenye tovuti, mpelekeeni stesheni masta kwanza. Na mtu akituma picha aliyosimama katikati ya reli, hata iwe nzuri ya kuliza, ikataeni. Mimi nilimkataza mtu mmoja mara tatu, ya nne nikampigia mama yake.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kundi lilikuwa na kanuni iliyopendwa kuliko zote, "treni safi". Maana yake picha iwe na treni, milima na anga, basi. Mtu asionekane. Wanachama walikuwa wameona picha za watu wa nchi za mbali, zimenyooka, hazina mama wa ndizi wala mtoto wala mbuzi, wakataka zetu ziwe vile. Kila mwezi tulichagua picha bora, na yenye mtu ndani haikuchaguliwa. Mimi sikubishana. Nilikuwa mama wa passport size, ghafla daktari ananiomba ushauri. Ningebishana na nini?

Na kifaa cha kufutia kilipokuja, jamani, kilininogea. Unachora duara kwa kipanya, unapitisha juu ya mtu, unahesabu moja mbili tatu, hayupo. Mashine inachukua kokoto za pembeni inajaza pale alipokuwa. Nilifuta wauza ndizi, nikafuta abiria waliochungulia madirishani, nikafuta mpaka ng'ombe. Watu waliandika, "Mama Picha una mikono ya dhahabu." Nikavimba kichwa. Na kwa kuwa diski ilikuwa inajaa, kila nilipomaliza kusafisha nilihifadhi ile safi juu ya ile ya mwanzo. Ya mwanzo ikapotea. Mimi, niliyefundishwa na Mzee Zakayo! Hapo sina cha kujitetea.

Pale Mombo alikuwapo mzee mshika bendera. Treni ikikaribia alisimama mwisho wa jukwaa, bendera ya kijani mkononi, mpaka behewa la mwisho lipite. Ndiyo kazi yake, asimame wapi kwingine? Lakini mwisho wa jukwaa ndipo penye pembe nzuri, milima yetu yote iko nyuma. Kwa hiyo picha karibu zote za Mombo alikuwamo. Wanachama waliniandikia, "Mama, picha imekaa vizuri ila babu kaharibu, niondolee." Nikamwondoa. Miaka kadhaa nilimwondoa, picha baada ya picha, mpaka alipostaafu.

Mwaka jana, asubuhi moja ya Jumanne, nikapokea ujumbe kwenye tovuti. Niliunakili kwenye daftari, ni huu:

"Shikamoo mama. Naitwa Agnesi, niko Vuga. Baba yangu, Mzee Yohana, alikuwa mshika bendera wa Mombo, tumemzika mwezi wa tatu. Nyumba aliyokuwa anakaa kule bondeni iliingia maji, picha zetu zote zikaenda, hata ya ndoa. Lakini baba alikuwa anatuambia watu wa kamera wanampiga picha kila siku, akasema akifa tusihangaike, sura yake imejaa kwenye mtandao wa treni. Mama yangu anasema sura ya baba imeanza kumtoka. Anaamka asubuhi anaitafuta haiji, siku hiyo hali chakula. Tunaomba picha hata moja tu."

Moyo uliniyeyuka. Nikamjibu palepale, "Marahaba mwanangu, poleni sana. Zipo nyingi, kesho utazipata." Nyingi! Nilikuwa na uhakika kiasi hicho. Kisha nikaandika "Mombo" kwenye kitafutio, picha zikajipanga mbele yangu, kurasa kwa kurasa.

Hayupo. Nikapandisha, nikashusha. Treni ya mvua, treni ya jua, treni ya jioni, mwisho wa jukwaa peupe. Nikaikuza moja, nikaona kokoto tatu zinazofanana sawasawa, zimepangwa mahali pamoja. Nikajua ni kazi yangu. Ndipo alipokuwa amesimama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya studio, mchana kweupe, watu wanapita wananisalimia, na mimi nalia bila kujificha.

Niliwatafuta wanachama mmoja mmoja. Daktari akasema, "Mimi zangu nilizifuta kwenye simu, si unazo wewe?" Muuguzi wa Same hivyohivyo. Wote hivyohivyo. Walikuwa wameniamini. Siku zikaenda, Agnesi akaandika, "Mama, nadhani mtandao unasumbua huko." Nikajibu ndiyo, unasumbua. Hilo nalo nimelikiri kwa Mungu.

Hapo ndipo wewe Baraka ulipoingia. Kulikuwa na picha moja niliyosahau kuisafisha, Mzee Yohana akiwa mbali sana, uso wake punje ya mchele. Ukaniambia, "Mama, hii kitu ndogo, akili bandia itamaliza." Dakika kumi ukaniletea mzee safi, ngozi inang'aa, meno yamekamilika, anatabasamu kama anauza dawa ya meno. Nikwambie ukweli ambao siku ile sikukwambia: nilitaka kuituma. Nilishaandika "Mwanangu Agnesi, hii hapa." Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kisha nikamfikiria yule mama akiamka asubuhi, akimtazama yule mwanaume wa kwenye mashine, akijilazimisha kumkumbuka, siku baada ya siku, mpaka aamini kwamba ndiye. Ningekuwa nimemfuta mara ya pili, na safari hii ndani ya kichwa cha mkewe. Nikafuta ujumbe. Wewe nikakuita mganga wa kienyeji, ukaninunia siku mbili. Nisamehe, mwanangu. Ulitaka kunisaidia, na mimi nilikuwa na hasira na mikono yangu mwenyewe.

Siku ya tatu niliandika kwenye kundi, mbele ya wote. Sikuzunguka. Nilisema: yule babu tuliyesema anaharibu picha anaitwa Mzee Yohana, amefariki, mkewe hana sura yake hata moja, na aliyemfuta ni mimi kwa maombi yenu. Mwenye chochote alete, hata mkono wake, hata kivuli.

Kisha simu ikaita, Mwalimu Juma. Sauti ilikuwa chini.

"Mama Picha, mimi ninazo. Ila hazina treni."

"Hazina treni kivipi?"

"Za kupima mwanga. Kabla treni haijafika lazima upime, si unajua. Unampima mtu pale treni itakapopita, kama kamera imekaa sawa basi unasubiri. Mimi nilikuwa nampima yule mzee. Sisi sote tulikuwa tunampima yeye. Tunamwambia, mzee sogea kidogo, anasogea. Mzee simama hapo, anasimama. Zile picha hatukuletei, maana treni haimo."

"Na wewe hukuzifuta?"

"Mimi sifuti kitu, mama, mke wangu analalamika kila siku. Kadi za kamera zimo kwenye kopo la majani ya chai."

Mwalimu Juma alileta mwenyewe lile kopo, kutoka Korogwe mpaka Lushoto, amelikumbatia. Tukazifungua kadi moja moja. Nyingine zilikuwa zimekufa. Wengine nao wakapekua droo zao, Imepita akapata mbili, daktari akapata moja. Zote pamoja zikatimia saba. Katika sita ameangalia pembeni, au amegeuza kisogo, au mwanga umemmeza. Ya saba ilikuwa ya Mwalimu Juma. Mzee Yohana amesimama katikati ya njia, bendera imekunjwa kwapani, anacheka na anasema kitu, mdomo umefunguka, macho yako kwenye kamera moja kwa moja. "Hapo alikuwa ananiuliza kama nimeoa," akasema Mwalimu Juma, akavua miwani akawa anaifuta muda mrefu.

Ile kanuni ya treni safi tuliiondoa wiki hiyohiyo, na ndiyo sababu mwongozo wenu unaanza na kuhifadhi picha ya mwanzo. Nilizichapa zote saba kwenye karatasi nzuri, ile ya kucheka nikaikuza. Jumamosi nikashuka Soni, nikapanda bodaboda mpaka Vuga.

Agnesi alinipokea njiani, mwanamke wa makamo, khanga mabegani, akanisalimia kwa Kisambaa. "Onga maundo, mama, karibu, shikamoo." Akanipeleka uani. Mama yake, Mama Damari, alikuwa kwenye kigoda juani, anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga goti nikamwamkia, akaniitikia marahaba bila kuacha maharage. Nikatoa ile picha kubwa nikamwekea magotini.

Akafuta mikono kwenye khanga. Akaiinua picha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Agnesi alikuwa ameshika nguzo ya jiko.

"Mtazame," akasema Mama Damari. "Mtazame anavyojidai! Na shati hajafunga kifungo, nilimwambia." Akampiga kibao kidogo cha shavuni, pale kwenye karatasi, halafu akalaza kiganja chake palepale, akakiacha. "Ndiye. Agnesi, ndiye baba yako." Agnesi akalia, mama yake akalia, nami nikalia. Zile sita nazo zikapita mikononi, akachekea hata ile ya kisogo. Ikaletwa chai. Wakanishukuru, "hongea, hongea sana," wakanimwagia baraka.

Ningeweza kunywa ile chai nikaondoka. Nilikuja kutoa picha, nimetoa, mjane amefurahi. Nani angeniuliza? Lakini Agnesi, kwa upendo tu, akasema, "Na zile nyingine, mama? Baba alisema ni nyingi sana."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Zilikuwa nyingi kweli. Nilimfuta."

"Ulizifuta?"

"Picha zipo. Nilimfuta yeye. Watu walitaka treni peke yake, mimi nikamwondoa baba yako kwenye kila moja, na za mwanzo sikuziweka. Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikuwa naona aibu."

Agnesi akasimama. "Ulimwondoa baba? Kwani alikuharibia nini?" Akainyooshea kidole ile picha. "Alikuwa anafua ile nguo yake ya kazi kila Ijumaa kwa ajili ya hizo picha zenu!"

"Hakuniharibia kitu, mwanangu. Nisameheni."

Agnesi akageuka akashughulika na moto ambao haukuwa na shida yoyote. Nilianza kukusanya mkoba wangu. Mama Damari alikuwa ananitazama mikono.

"Mtu anafutwaje?" akauliza.

Nikamweleza, maana ilikuwa haki yake. Nikamwambia unaikuza picha mpaka mtu anajaa kwenye kioo chote, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha unamzunguka polepole ukingoni, kofia, bega, mkono, kiatu, ili usije ukakata treni iliyo nyuma yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwangalia."

"Nilimwangalia, mama."

"Karibu?"

"Karibu kuliko nilivyokaa na wewe hapa."

Akausogeza ungo wa maharage pembeni. "Basi nieleze."

Nikafumba macho. Sikujua kama nitampata, lakini alikuja. Nikamwambia ya kwanza ilikuwa siku ya manyunyu. Alikuwa amevaa sweta ya damu ya mzee, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Wa damu ya mzee uliniishia," akasema.

Uzito wote alikuwa ameuweka mguu wa kushoto.

"Wa kulia ulivunjika akiwa kijana."

Kofia hakuivaa, aliificha ndani ya sweta isilowe, mvua inamnyeshea kichwani.

Mama Damari akacheka, kicheko kidogo cha pumzi, akajifunika mdomo kwa khanga. "Niliinunua Korogwe," akasema. "Akasema ni ya Jumapili." Akatazama pale uani kama kwamba kuna mtu ameingia. Agnesi aliacha moto, akaja akakaa chini karibu na miguu ya mama yake, bado hanitazami, ila amekaa.

"Hiyo ni moja," akasema Mama Damari. "Umesema zilikuwa nyingi. Ya pili, alivaa nini?"